Nywele za Msiba wa Baba

Nianze na ujinga wenyewe, maana nikiuacha mwisho nitapata muda wa kuupamba. Niliflashi nywele za msiba. Zilikuwa nywele za watu sita: za bibi, za mama, za shangazi, za baba mdogo, za mdogo wangu wa kike na zangu mwenyewe, tulizonyolewa siku ya arobaini ya baba. Nilizimwaga kwenye choo cha nyumbani kwetu mjini, Kihesa, Alhamisi saa tisa alasiri, nikavuta maji mara nne, na mara ya nne nikapiga saluti.

Hiyo saluti ndiyo inayonitesa. Kutupa nywele unaweza kusema ni uvivu, au woga, au akili za kidato cha tatu. Saluti haina wakili.

Na choo chenyewe alikijenga baba. Alikuwa fundi bomba, na hiki alituunganishia kwa masalia ya kazi za watu: sinki jeupe lenye ufa kutoka nyumba moja, tanki la bluu kutoka nyingine, mfuniko wa kijani alioupata sijui wapi. Kilifanana na mwanafunzi aliyefukuzwa shule tatu akabaki na sare za zote. Lakini kilivuta maji, na baba alikipenda kama watu wengine wanavyopenda gari. Kabla yake tulikuwa na choo cha shimo nyuma ya nyumba. Choo cha shimo hakichagui. Unatupa majivu kuua harufu, unatupa wembe ili mtoto asijikate, unatupa gunzi, tambara, chupa ya dawa, barua ya mwalimu mkuu. Chote kinamezwa na hakuna anayeuliza. Ndugu zetu wa Idodi, kijijini kwa baba, wamezoea choo cha namna hiyo, na baba alijua wakija kututembelea watakitendea kipya vilevile. Kwa hiyo akaandika karatasi kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, akaizungushia selotepu ya kaki na kuigandisha nyuma ya mlango wa choo: HUMU HAVITUPWI. Chini yake namba moja hadi kumi. Pedi. Pamba. Nepi. Matambara. Magunzi. Majivu. Mafuta ya kukaangia. Nywele. Wembe. Namba kumi ilikuwa kondomu, na mama aliikata kwa wino kwa ajili ya wageni wa kanisani, akaikata kwa mstari mmoja tu, hivyo kila mgeni wa kanisani aliisoma mara mbili.

Namba kumi na moja niliiongeza mimi kwa penseli. Nitaifikia.

Ya nywele baba aliwahi kunieleza. Nilikuwa bado shule ya msingi, alinichukua kumshikia tochi kwenye saluni moja ambayo maji yalikuwa hayaondoki. Alivuta kutoka kwenye bomba kitu cheusi kirefu chenye utelezi, mimi nikaruka nyuma nikidhani ni nyoka. Baba hakucheka. Alikiweka sakafuni akakigeuzageuza kwa bisibisi, kama mwalimu wa baiolojia.

"Nywele haiozi," akaniambia. "Mavi yanakwenda zake, karatasi inalainika inakwenda zake. Nywele inakaa pale kwenye kona inasubiri wenzake."

Kwa hiyo nilijua. Nataka hilo lieleweke mapema. Sikuwa mtoto asiyejua.

Baba alifariki mwanzoni mwa baridi. Presha ilimkuta amepiga magoti chini ya sinki la jikoni la mteja, na mteja akaendelea kumsimulia matatizo ya bomba kwa muda akidhani fundi anasikiliza. Hadithi hiyo niliisimulia shuleni na wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda nyuma ya maabara nikatapika. Tukamzika Idodi, kwao. Siku arobaini baadaye ukoo ukaja Kihesa kwa ajili ya kunyoa.

Upande wa baba wana utaratibu wao. Nywele za wafiwa zinanyolewa kwenye kizingiti cha nyumba aliyoishi marehemu, lakini zinazikwa pale alipolala, miguuni mwa kaburi. Kati ya kizingiti na kaburi zinafungwa kwenye kitambaa cheusi, zote pamoja, na kitambaa kinalala chini ya kitanda cha mtoto wa kwanza wa kiume mpaka siku ya safari. Mtoto wa kwanza wa kiume ni mimi. Wangeangalia kwanza tabia ya mtu kabla ya kuangalia namba aliyozaliwa, haya yasingetokea.

Mchungaji alikuja, akaomba, akala wali, akaondoka dakika chache kabla ya wembe kutolewa, kama mtu anayeijua ratiba. Bibi alitunyoa mmoja mmoja. Mkono wake unatetemeka kwenye kikombe cha chai lakini kwenye wembe ulikuwa kimya kabisa. Mama alikuwa na nywele ndefu, za kwao Mbeya, baba alikuwa akimtania kwamba alimuoa kwa ajili ya nywele na mengine ameyakuta humo humo. Zilianguka kwenye kitambaa na mama hakuinama kuziangalia. Mdogo wangu alikuwa amesukwa kwa uzi mweusi, bibi akamkata mikia yake minne na uzi wake. Shangazi, dada wa baba, alinyolewa akiwa ameuma midomo, na hapo ndipo tulipojua kwamba weusi wa kichwa chake ulitoka dukani. Chini kwenye mizizi palikuwa peupe. Nilimtazama mdogo wangu, mdogo wangu akanitazama, tukaogopa kucheka.

Bibi alifunga kitambaa mafundo mawili akaniwekea mapajani.

"Mpaka Jumamosi," akasema. "Nywele za watu walioliona kaburi. Zikienda pengine, aliyezipeleka ana kazi nazo. Umenisikia, mjukuu wangu?"

Nikamwambia nimesikia.

Kitambaa kile kilinishinda. Nimejaribu kutafuta sababu nzuri zaidi sijaipata. Mchana nilikuwa nakipiga teke kama mpira nikiwachekesha watoto wa jirani dirishani. Nikilala nilikuwa nakisikia. Najua nywele hazina sauti. Lakini zilinuka mafuta ya nazi, wembe na watu ninaowajua, na zilikuwa chini ya mgongo wangu, na kila nikifumba macho nilimwona baba amepiga magoti. Alhamisi nilirudi kutoka shule mapema, nyumba ilikuwa tupu, mama na wengine walikuwa wamekwenda kanisani kushukuru waimbaji wa kwaya. Nikajiambia nitakwenda kuzifukia bustanini. Ardhi yetu ile ni changarawe tupu, jembe lilipiga mara mbili likatoa cheche. Nikaliacha. Choo kilikuwa hatua kumi.

Karatasi ya baba ilikuwa usoni mwangu muda wote. Nilisimama nayo uso kwa uso nikivuta maji.

Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa akili zangu timamu, na ndiyo maana kinatisha kuliko ule mvuto wa maji. Nilirudi chumbani, nikakata kwa wembe pembe ya godoro langu upande wa ukutani, nikatoa viganja viwili vya sponji. Godoro langu si la dukani. Ndani lina vipande vya sponji vya rangi zote, vya kijani, vya waridi, vya manjano, vile vinavyobaki kwa mafundi wa masofa. Nikavijaza kwenye kitambaa cheusi, nikafunga mafundo mawili, nikapima uzito mkononi. Nikaona ni kazi safi. Kweli kabisa, nilijipongeza.

Jumamosi tulipanda pikapu ya baba mdogo, mdogo wa marehemu baba, kwenda Idodi. Kutoka mjini kwenye baridi unateremka na kuteremka mpaka sweta linakuwa adhabu, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, na magari ya watalii waendao kuangalia tembo yanakupita bila kukuona. Niliketi nyuma nikiwa nimepakata kitambaa. Shangazi alinisifu. Alisema leo nimekaa kama mtu mzima.

Nilitegemea watakizika kimefungwa. Hapo ndipo akili yangu ilipoishia. Sikujua kwamba bibi lazima akifungue kwanza, achanganye nywele na unga kidogo wa ulezi, aite jina la kila aliyenyolewa. Alipiga magoti miguuni mwa kaburi, akafungua fundo la kwanza, la pili, na sponji ikatanuka yenyewe kama kitu kilichokuwa kimebanwa pumzi. Kipande cha waridi kikapeperuka kikatua kwenye mchanga wa kaburi.

Mama aliinama, akakiokota kile kipande, akakiviringisha kati ya vidole, akakirudisha kwenye kitambaa.

Bibi aliniuliza mimi. Aliuliza kwa upole, na ingekuwa rahisi zaidi kama angenipiga.

"Umekifungua?"

"Hapana, bibi."

"Umelala nacho siku zote?"

"Nimelala nacho."

Shangazi akamgeukia mama. "Wifi, chumba cha mtoto anafagia nani?"

"Mimi," mama akasema.

"Basi."

Neno hilo moja tu. Lakini pale makaburini palikuwa na majirani, na watoto, na mzee wa kanisa, na wote walilisikia likianguka mahali lilipotupwa. Mjane wa Mbeya. Mtu wa kuja. Nywele za ukoo zimetoka mikononi mwake, mume ameshakufa ghafla akiwa mzima, sasa anamtaka nani. Hakuna aliyeyasema hayo kwa mpangilio huo. Yalisemwa vipande vipande kwenye chakula, kwenye kunawa mikono, kwenye pikapu tukirudi. Mimi nilikuwa na jibu la yote kooni na nikawa nalimeza pamoja na vumbi. Nilijiambia nitasema tukifika. Tulipofika nikajiambia kesho.

Shangazi hakurudi kwake. Alisema atakaa Kihesa mpaka familia iketi, Jumamosi inayofuata, kwa sababu nywele zake mwenyewe zimo katika hizo na kichwa kimeanza kumuuma upande wa kushoto. Alihamia chumba cha mama. Mama akalala na mdogo wangu. Shangazi alikuwa akipika mwenyewe, anaonja mwenyewe, na chai aliyoletewa na mama aliiacha mezani ikapoa. Mama alikuwa anaichukua, anaimwaga, anaosha kikombe. Kesho yake anamletea tena. Sijawahi kuona ugomvi wa namna ile, usio na kelele hata moja.

Kuhusu namba kumi na moja: kwenye karatasi ya baba, miezi kabla ya msiba, nilikuwa nimeandika kwa penseli, baada ya kondomu iliyokatwa, neno moja. Shangazi. Alikuwa amekuja siku tatu akakaa wiki tano. Baba aliiona, akanifuata na bisibisi mkononi, nikajua nimekwisha. Akaniambia bomba ni la inchi nne, haliwezi. Kisha akaenda kuegemea ukuta akacheka mpaka akashika tumbo. Hakuifuta.

Choo kilianza kuongea Jumatatu. Kwanza kilikuwa kinabwabwaja kama mtu anayesukutua. Jumatano ukivuta maji yanapanda mpaka karibu na ukingo, yanafikiri, yanashuka taratibu. Nilijua kilichokuwa kwenye kona kinasubiri wenzake, na wenzake tulikuwa tunakipelekea kila siku. Niliingia nikamwaga maji ya moto, nikamwaga sabuni ya unga, nikasukuma kwa mpini wa fagio. Vifaa vya baba vilikuwa nje chini ya upenu: baba hakuamini zile waya za kuzibulia zinazouzwa madukani, alikuwa anapasua mwanzi, mwanzi uleule unaotoa ulanzi, pombe ya kwetu, anachonga fito nyembamba na kuziunga kwa waya mpaka zinakuwa ndefu kama nyumba, zinapinda kwenye kona bila kuvunjika. Zilikuwa pale. Lakini chini yake ndipo shangazi alipoweka kiti chake cha kuota jua, na nisingeweza kuzishusha bila kueleza.

Jumamosi ukoo ukaketi sebuleni. Mama alikuwa ameshafunga begi lake kabla hawajaanza, liliegemea mlango. Baba mdogo alizungumza vizuri, ana sauti ya matangazo ya vifo redioni. Alisema hakuna anayemtuhumu mtu. Alisema moyo wa bibi hauwezi kutulia, na dada yao anaumwa kichwa. Alisema ingekuwa busara shemeji akapumzike kwao Mbeya kidogo, mpaka mambo yaeleweke. Watoto ni wa hapa, watabaki na shangazi yao.

Kupumzika. Nilimtazama mdogo wangu, ameketi chini kati ya miguu ya mama, anachezea kipara chake. Alikuwa hajaelewa.

Kila mtu alimngoja mama. Mama akasema, "Huyu kifua kinambana baridi ikizidi. Sweta la kijivu liko ndani ya sanduku la bluu, na asivae moja moja, avae na fulana ndani." Hicho ndicho alichojitetea nacho.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeshafungua. Lakini mjomba mmoja wa baba kutoka Idodi aliyekuwa ameenda chooni akarudi anatembea kwa visigino, suruali ameikunja, akasema kuna maji yanamfuata.

Yalikuwa yanamfuata kweli. Yalipita chini ya mlango wa choo, yakaingia kwenye korido, yakalifikia begi la mama kabla ya kumfikia mtu yeyote. Watu wakanyanyua miguu. Baba mdogo akapiga simu kwa kijana aliyejifunza kazi kwa baba, anakaa mtaa wa pili, akaja na ndala na glavu moja. Hakuuliza mengi. Alishusha mianzi ya baba kutoka upenuni, akaifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe, akaenda nje kufungua chemba, lile shimo dogo la zege lenye mfuniko ambalo bomba la choo hupitia kabla ya kuingia shimo kubwa. Sote tukamfuata. Aliisukuma fito ndani ya bomba kuelekea nyumbani, akaizungusha, akasikiliza kwa kiganja kama daktari. Kisha akaanza kuvuta.

Kilitoka taratibu, kirefu, kinatiririka. Safari hii sikuruka nyuma. Kilikuwa kimekusanya kila tulichokipa wiki nzima lakini uti wake wa mgongo ulionekana wazi: nywele. Nyeusi ndefu za mama. Nyeupe za bibi. Mikia ya mdogo wangu na uzi wake bado umebana, haujafunguka hata mmoja.

Fundi alikiweka juu ya zege. Hakuwa anajua habari za ukoo, alikuwa anafikiria kazi tu, akasikitika kwa niaba ya mwalimu wake. Alisema mzee aliandika yote, kwani hamkusoma? Akaingia ndani, akarudi na ile karatasi amening'iniza kwa vidole viwili, akawasomea watu wazima kumi na wawili kama darasa. Pedi. Pamba. Nepi. Alipofika namba nane akalinyooshea kidole lile bonge la nywele pale chini. Kisha, kwa mazoea ya kumaliza alichoanza, akaendelea. Tisa, wembe. Kumi imekatwa. Kumi na moja. Akasita.

"Soma," shangazi akasema.

"Imeandikwa kwa penseli, mama."

"Penseli haisomeki?"

"Shangazi," fundi akasoma.

Hakuna aliyecheka. Kwa miezi mingi nilikuwa nasubiri siku utani ule utakaposikika mbele ya watu, na ulivyosikika ulikuwa kama kikohozi kanisani.

Shangazi hakunitazama. Alimtazama mama. Alisema kwa sauti ya chini kwamba sasa imeeleweka. Alidhani wifi yake amezipeleka kwa mganga, kumbe hata mganga ni heshima. Amezitupa chooni, nywele za kumlilia kaka yake amezichanganya na mavi, na mtoto anafundishwa kuandika matusi mlangoni. Bibi aliketi palepale chini, kwenye changarawe, akajifunika uso na khanga. Ndipo nikaelewa kitu ambacho wiki nzima sikukifikiria: kupatikana kwa nywele hakukumsafisha mama. Kulimmaliza.

"Ni mimi," nikasema.

Baba mdogo aliniambia nikae, huu si wakati wa utani wangu.

Nikasema tena. Nikaeleza Alhamisi, nikaeleza jembe, nikaeleza mara nne. Nilipofika kwenye saluti mjomba mmoja alitikisa kichwa akatabasamu kidogo, akasema kijana ana moyo, anamkinga mama yake. Wengine wakaitikia. Miaka yangu yote nimeishi nyumba ile nikiwaambia watu uongo wa kuchekesha: kwamba mbwa wa jirani amepata kitambulisho cha nida, kwamba mwalimu wa hesabu amejiuzulu kwa sababu yangu. Sasa nilikuwa na ukweli mmoja mkononi, na kila mtu aliutazama usoni akaona ni mimi nafanya zangu. Sauti yangu ilianza kukatika, na hata hilo nililijua, nimewahi kulia kwa kuigiza mbele ya shangazi huyo huyo ili nipewe soda.

Mama alikuwa amesimama pembeni ya chemba. Alikuwa ananitazama na hakunisaidia.

"Godoro," nikasema. "Leteni godoro langu."

Nikaenda mwenyewe. Nilikuwa nalikokota koridoni kwenye yale maji, likanyonya, likawa zito, nikalivuta mpaka uani na kuligeuza upande wa ukutani. Pembe ilikuwa imechanika kama mdomo. Bibi aliondoa khanga usoni. Alijisogeza kwa makalio mpaka pale, akaingiza mkono wake mpaka kwenye kiwiko, akatoa kiganja cha sponji: ya kijani, ya manjano, ya waridi. Aliitazama muda mrefu. Alikuwa ameibeba ileile kwenye pindo la khanga yake tangu Idodi, kwa sababu hakujua akitupe wapi kitu kilichokaa juu ya kaburi la mwanawe. Akafungua pindo, akaweka kipande juu ya kipande.

Hapo waliniamini. Sikujua kuaminiwa kunaweza kuwa hivyo.

Hakunipiga mtu. Baba mdogo alivua mkanda akaushika, akaangalia watu, akauvaa tena. Shangazi alimwambia mama kwamba wifi atamsamehe, yeye alikuwa anauliza tu, na mama akajibu kwamba chai iko kwenye chupa kama anataka. Shangazi akanywa, kikombe kizima, akiwa amesimama, kama anakunywa dawa. Jioni hiyo hiyo jua halijazama alipakiwa kwenye pikapu, na kichwa chake sijasikia tena habari zake.

Bibi ndiye aliyebaki, na bibi ndiye aliyenipa kazi. Aliniletea beseni na kipande cha sabuni ya mche, akaniambia nywele hizo bado zina safari, na mimi ndiye nitakayezibeba, lakini kwanza nizioshe mpaka zitambulike. Nikaketi pale uani na upepo wa Kihesa kwenye kipara changu na mikono ndani ya maji baridi. Nilibadilisha maji mara saba. Nilitenganisha kwa vidole: nyeupe huku, ndefu huku, zile zenye rangi ya dukani huku. Uzi wa mdogo wangu ulikataa kutoka kwenye nywele nikauacha. Wakati wote nilikuwa natafuta kitu cha kuchekesha cha kusema ili uso wa bibi ulegee, na kwa mara ya kwanza tangu nijue kuongea sikukipata.

Mama alikuja na birika la maji ya moto. Alichuchumaa, akanimiminia kidogo kwenye beseni, akapima joto kwa kidole kama anavyompimia mdogo wangu maji ya kuoga. Begi lake alikuwa amelianika kwenye kamba, limefunguliwa, tupu. Nilimwambia mama nisamehe. Alichukua nywele zake mwenyewe kwenye beseni, akazikamua, akaziweka juu ya kitambaa, na haya ndiyo aliyoniambia, sijaongeza wala kupunguza:

"Godoro hilo nililijaza mimi kwa mikono yangu. Nilijua tangu Idodi. Nilikuwa nangoja tu nione utaniacha nifike wapi."